Damu Iliyoota Zambarau

Kati ya chumba changu na chumba cha yule mtoto kulikuwa na ukuta wa matofali usiofika juu. Aliyeujenga aliishiwa na matofali, au aliona inatosha, akaacha uwazi chini ya mabati. Kwa hiyo nilisikia kila kitu: cherehani ya mama yake ikisimama na kuanza tena, baba yake akifungua redio kabla ya kwenda Bangboka, anakopakua mizigo ya ndege, na bibi yake akiomba dua alfajiri. Mtoto alipoletwa kutoka maternité, wodi ya wazazi, nikaanza kumsikia na yeye. Alikuwa binti, mdogo tu, lakini kilio chake kilipita ukuta kana kwamba ukuta haupo.

Mimi ni daktari wa watoto. Nilitoka Kindu kuja kusoma chuo kikuu hapa Kisangani, masomo yakaisha, nikabaki. Nilipanga chumba mtaa wa Kabondo, katika parcelle, yaani kiwanja cha nyumba, ya mama mmoja mjane ambaye mtaa mzima unamwita Bibi. Ni Mwislamu wa zile familia za zamani za mji huu, ambazo mababu zao walikuja na biashara wakaoa hapa na kuzikwa hapa. Mimi ni Mkatoliki. Hilo halikumzuia kuniita binti yake, wala kuniletea sahani ya futari mwezi wa Ramadhani ulipofika. Mtoto wa upande wa pili wa ukuta alikuwa mjukuu wake wa kwanza.

Watu hufikiri kilio cha mtoto mchanga kinamsumbua daktari akiwa nyumbani. Kwangu mimi ni kinyume. Kazi imeniharibu masikio: mtoto akilia nalala, akinyamaza nashtuka.

Asubuhi moja nilikuwa nachemsha chai nikagundua kwamba sijamsikia. Nikajaribu kukumbuka nilimsikia lini mara ya mwisho. Jana jioni? Nikazima jiko nisikilize vizuri. Cherehani ilikuwa kimya pia. Nikatoka nikabisha mlango wao.

Bibi ndiye aliyefungua. "Ee binti yangu, umeamka? Leo mutoto iko analala muzuri sana. Hata hajasumbua mama yake."

"Amenyonya, Bibi?"

"Atanyonya akiamka."

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, mtoto mapajani, titi nje. Ni msichana mtulivu, fundi wa nguo za sherehe, na mikono yake huwa haikai bure. Asubuhi ile ilikuwa imekaa bure. "Anakataa titi tangu jana," aliniambia kwa sauti ndogo, kama anayeogopa kusikiwa. "Docteur, iko baridi."

Nilimgusa. Mikono na miguu ilikuwa baridi, tumbo limejaa, na anapumua haraka haraka kama mtu aliyekimbia. Nilimpiga kidogo kwenye unyayo ili alie. Alikunja uso tu, sauti haikutoka. Kando ya kitovu, ambacho kilikuwa kimedondoka karibuni, kulikuwa na malengelenge machache yenye usaha, na katikati ya kila lengelenge pameingia weusi.

"Tunaenda hospitali," nilisema. "Sasa hivi."

Bibi alisimama mlangoni. "Arobaini haijaisha. Mutoto hawezi kutoka inje na ile upepo ya muto."

Nilikuwa nimejifunza kutobishana naye juu ya arobaini. Siku hiyo sikuwa na muda wa heshima ndefu. "Bibi, tukingojea arobaini hatutaifikia naye." Maneno yalinitoka makali kuliko nilivyotaka. Alinitazama, akasogea pembeni, akavua mtandio wake mwenyewe akamfunika nao mtoto kichwa mpaka miguu. Tulipanda pikipiki moja, dereva, mama na mtoto, mimi nyuma nikiwa nimewashika wote wawili.

Mtoto mchanga akiwa na maambukizi ndani ya damu hana namna nyingi za kusema. Anakuwa baridi, au moto. Anakataa kunyonya. Analegea. Ishara ni zile zile kwa kijidudu chochote kile, ndiyo sababu tunatoa damu tuioteshe, tuone ni kijidudu gani kinaota. Nilimtafutia mshipa mkononi, nikakosa, nikatafuta mguuni, nikakosa, mwisho nikaupata kichwani. Damu kidogo iliingia katika chupa ya labo, maabara yetu, nikaandika jina la mama yake juu yake, nikaanza dawa mbili tunazowapa wote wanaofika hivyo, ampisilini na jentamisini, bila kungoja jibu. Kungoja ni kumpoteza.

Mwenzangu muuguzi alipaka malengelenge violet, ile dawa ya zambarau inayotia doa kila nguo katika mji huu. Nilimwona akipaka wala sikufikiri lolote.

Kesho yake mtoto alikuwa mbaya zaidi. Niliondoa ampisilini, nikaweka nyingine yenye nguvu kuliko ile. Keshokutwa yake ngozi yake ilianza kuwa na rangi ya manjano na tumbo likawa gumu upande wa kulia. Nilikuwa na watoto wengine katika chumba kile, wengine wakiwa wawili wawili katika couveuse, vile visanduku vya joto, na kila mmoja nilimhudumia kama kawaida. Lakini mbele ya kitanda chake nilikuwa napita haraka. Wale wengine wakifa, Mungu anisamehe, narudi nyumbani. Huyu akifa, ningerudi nyumbani wapi? Ningeingia kwa lango lile lile, niwashe jiko lile lile, na upande wa pili wa ukuta kimya.

Bibi alikuwa anakuja kila mchana na lituma, ndizi za kuponda, ya moto ndani ya sufuria iliyofungwa kitambaa, kwa ajili ya mkwe wake na kwa ajili yangu. Alikaa nje, kwenye benchi la korido, tasbihi mkononi. Hakuniuliza kitu. Nilipopita alisema tu, "Kula, binti yangu." Nilikuwa nakula nimesimama, ili nisikae karibu naye.

Fundi wa labo ni mtu wa Bukavu, mkimya, tunaitana ndugu kwa vile wote tumetoka mashariki. Courant, umeme wetu, ilikuwa imekatika mara kadhaa wiki ile, na kabati la joto wanamooteshea damu lilikuwa linapoa na kupata moto tena. Nilikuwa nimeshaanza kukata tamaa juu ya ile chupa. Aliponiita alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, jambo ambalo halifanyi.

"Ndugu, njoo uone kitu. Miye sijue ni nini."

Alikuwa ameweka sahani ndogo mezani, chini ya dirisha. Kwa kawaida ninachoona katika sahani zile ni madoa meupe, ya kijivu, mara nyingine ya dhahabu. Haya yalikuwa ya zambarau. Zambarau iliyoiva, inayong'aa, karibu nyeusi. Yalikuwa mazuri. Hilo ndilo lililonitisha.

Akaniuliza, "Ule mutoto mulimupaka violet?"

"Ndiyo. Kwenye tumbo."

"Bon. Ndio ile basi. Violet imeingia." Na yeye mwenyewe anatumia rangi ya jamii hiyo hiyo kupaka vioo vya hadubini, chupa yake ilikuwa pale pale pembeni. Aliinua ile sahani ili aitupe. Ndiyo desturi, kitu kisichoeleweka kikiota mara nyingi ni uchafu umeingia.

Nilimshika mkono. Si kwamba nilijua. Nilikuwa nafikiri kwa sauti. "Damu nilitoa kichwani. Tumboni alipakwa baadaye."

Akarudisha sahani mezani. "Na violet inauaka mikrobi," alisema polepole, kama anayejijibu mwenyewe. "Haioteshake."

"Unaweza kuotesha tena? Kwenye sahani mpya?"

"Naweza. Lakini tutangoja kesho. Kama courant inakuwako."

Kesho. Niliona mbele ya macho yangu lile tumbo gumu. Nikapiga picha kwa simu, nikamtumia rafiki yangu tuliyesoma naye darasa moja, ambaye siku hizi anafanya kazi ya bakteria Kinshasa. Nikaingia korido, nikatoka, nikaingia tena. Alinipigia badala ya kuandika.

"Huyo mtoto ana majipu ya ngozi?"

"Malengelenge. Yana weusi katikati."

"Ini?"

"Tumbo limekaza upande wa ini. Anageuka manjano."

"Kuna bakteria mmoja," alisema, "Chromobacterium. Anaishi katika maji yaliyotulia na udongo wa nchi za joto kama zetu. Sijawahi kumuona kwa mtu, nimesoma tu. Akiingia ndani ya damu anakimbilia ini na kulitia majipu. Unampa nini sasa?"

Nikamwambia.

"Ile mpya, ndugu yangu, ni kama unampa maji. Jamii ile yote na ya penisilini hazimwezi. Jentamisini labda, lakini peke yake mimi nisingeiamini. Tafuta siprofloksasini ya mshipa."

"Kwa mtoto mchanga?"

"Najua."

Sisi wote tulifundishwa kuiogopa dawa ile kwa watoto, kwa sababu ya viungo vinavyokua. Nilikwenda kwa mkuu wa idara yetu. Aliiangalia picha kwa muda mrefu, akavua miwani. Alisema hajawahi kuona, kisha akasema, "Ukingoja uhakika utaupata. Sijui kama mtoto atakuwa bado yuko." Akatia sahihi.

Niliwaita wazazi. Baba alikuwa amefika moja kwa moja kutoka Bangboka, bado na fulana ya kazi. Bibi aliingia nao bila kuitwa, akakaa. Niliwaambia ninachodhani, na kwamba sina hakika. Niliwaambia dawa hii huwa hatuwapi watoto wadogo namna hii, kwa kuhofia viungo vyao, na kwamba nadhani bila dawa hii atakufa.

Baba aliuliza, "Atatembea?"

"Nadhani atatembea. Sitaki kukuahidi."

"Kama iko mutoto yako ungemupa?"

Ni swali wanaloniuliza wazazi wote, na nina jibu lake la kazini. Siku ile jibu la kazini halikuja. "Ningemupa jana," nilisema.

Mama ndiye aliyeamua. Alisema "Mupe" kabla mume wake hajafungua tena mdomo, akafunga kitambaa cha kichwa upya kama mtu anayeanza kazi.

Famasi ya hospitali ilikuwa na vidonge, chupa za mshipa hazikuwapo. Baba akatoka mbio kwenda Makiso. Nilibaki kitandani kwa mtoto nikihesabu pumzi zake, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu hesabu haikunifurahisha. Alasiri alirudi, pikipiki imemmwagia matope mpaka kifuani, mfuko ameukumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Alikuwa amezunguka famasi zote za katikati ya mji. Niliinua kila chupa kwenye mwanga wa dirisha. Niliangalia muhuri, tarehe, kama kuna ukungu ndani. Alisimama mbele yangu mpaka nikasema, "Ni nzuri." Akakaa chini, pale pale sakafuni.

Tulianza ikidondoka polepole sana. Jentamisini niliiacha iendelee.

Kesho yake fundi wa labo alinifungulia kabati. Sahani mpya: zambarau. Mahali alipoweka vipande vya dawa kuzijaribu, bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa ampisilini, wakaizunguka kana kwamba haipo. Kuzunguka kipande cha siprofloksasini kulikuwa na duara safi, pana, hakuna kitu. Nililiangalia duara lile kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangalia uso wa mtu. Kwenye ekografi ya siku hiyo, picha ya ndani ya tumbo, tuliona vijishimo vyeusi ndani ya ini. Majipu madogo, kama rafiki yangu alivyosema.

Sikuona nafuu mara moja. Siku nzima hakuna kilichobadilika, na usiku mzima nilijiambia kwamba tumechelewa. Nilikuwa naandika habari za mtoto mwingine, asubuhi ya baadaye, niliposikia kilio nyuma yangu. Sikugeuka. Nilikijua. Niliendelea kuandika mstari ule ule, na nilipousoma baadaye haukuwa na maana yoyote.

"Docteur," mama yake aliniita, "anatafuta titi!"

Siku hiyo nilikaa na Bibi kwenye benchi, nikala lituma yote.

Ndipo aliponiuliza. Alikuwa ameingoja siku hiyo. "Binti yangu, ile mikrobi ilitoka wapi?"

Nikasema sijui, na ilikuwa kweli. Lakini niliporudi Kabondo jioni ile macho yangu yalikwenda yenyewe kwenye pipa la bluu chini ya mfereji wa mabati. Maji ya mvua. Bibi hakuamini maji ya bomba kwa ngozi ya mtoto. Kila asubuhi alikuwa anateka humo, anatia majani yake, anamwogesha mjukuu na kumsafisha kitovu, akiimba. Nilikuwa nimesikia nyimbo zile zote. Nilichota maji katika chupa ndogo nikampelekea fundi wa labo. Alipoyaotesha, kati ya takataka nyingi za rangi nyingi, kulikuwa na madoa machache ya zambarau.

Hiyo haithibitishi kila kitu. Udongo wa uwanja ungeweza kuwa nao, na majani pia. Hata hivyo nilijua. Nikakaa na jambo lile moyoni, naingia na kutoka langoni nikimsalimu Bibi huku nikiangalia pembeni. Nikikaa kimya, mtoto angerudi kuogeshwa katika pipa lile lile. Nikisema, ningemwambia mwanamke huyu kwamba mikono yake ndiyo iliyomtia mjukuu wake mauti mdomoni. Nilitafuta namna ya kusema isiyo na mikono ndani yake. Sikuipata.

Nilimwambia uwanjani, mchana, akichambua mchele. Nilisema maji. Nilisema pipa, nikasema mtu yeyote asingejua, mimi mwenyewe nilikuwa napita mbele yake kila siku.

Aliendelea kuchambua. Kisha mkono ukasimama. "Nilimuoshaka nayo baba yake," alisema. "Na bandugu yake bote."

"Najua, Bibi."

"Hakuna hata moja aligonjwa."

"Najua."

Aliinuka akaliangusha pipa peke yake, mwanamke wa umri ule. Maji yakatapakaa uwanja mzima mpaka mlangoni kwangu. Akaingia ndani.

Mtoto aliporudi nyumbani, Bibi hakumgusa. Alimwangalia kutoka kwenye kiti chake, mikono imefungwa ndani ya kanga. Mama akimpa, alisema mgongo unamuuma. Baba yake akimpa, alisema anaenda kuswali. Wiki zikapita hivyo. Nilikuwa nasikia upande wa pili sauti ya maji, na hakuna wimbo. Nilianza kufikiri kwamba nimeponya mmoja na kuua mwingine. Nilitaka kwenda kumwomba radhi, lakini radhi ya nini? Ya kusema kweli?

Mwishowe mama wa mtoto ndiye aliyemaliza. Niliona kwa macho yangu, nikiwa naanika nguo. Alitoka na beseni, akaliweka mbele ya kiti cha Bibi. Akamvua mtoto nguo zote, akamlaza moja kwa moja juu ya mapaja ya mama mkwe wake, akaondoa mikono.

"Mama, miye niko na robe ya ndoa ya kumaliza leo. Maji nimechemusha, imepoa. Mutoto anakungojea."

Akarudi kwenye cherehani yake bila kugeuka. Mtoto akaanza kuteleza. Bibi alilazimika kumshika.

Sikusikia alichosema. Niliona tu kiwiko chake kikiingia ndani ya beseni kupima joto, na midomo yake ikianza kusogea.

Mimi sikutulia bado. Rafiki yangu alikuwa amenionya kwamba bakteria huyu anaweza kujificha na kurudi, kwa hiyo mtoto aliendelea na dawa ya kunywa kwa wiki nyingi, na kila wiki nilimpeleka kwenye ekografi mimi mwenyewe. Vijishimo vya ini vikapungua. Siku vilipokwisha yule aliyepima alinipa hongera. Niliipokea kama mtu anayepokea kitu cha mwingine ashike kwa muda.

Kisha asubuhi moja nikasikia mama yake akisema, "Ee, iko na moto." Nilikuwa tayari mlangoni kwao bila viatu, kipima joto mkononi. Homa kweli. Nilimgeuza, nikamtazama tumbo, ngozi, macho, vidole. Nikasema tuondoke. Nikasema pikipiki.

"Docteur," mama yake alisema, "jana alichomwa vaccin."

Nikaangalia paja. Alama ya sindano ilikuwapo, na uvimbe mdogo kama wa mtoto mwingine yeyote. Baba yake akaanza kucheka, Bibi akacheka mpaka akaziba mdomo na mtandio. Mimi sikucheka. Nilimchukua hospitali hivyo hivyo, nikamtoa damu. Aliutoa mguu wake mkononi mwangu kwa teke, akalia mpaka korido nzima ikasikia.

Fundi wa labo aliiweka chupa ndani ya kabati bila kuniuliza sababu. Kila nilipopita alinitikisia kichwa: bado. Alipomaliza siku zake zote za kungoja aliniletea sahani niione. Ilikuwa tupu, imekauka kidogo pembeni.

"Naweza kutupa?" aliuliza.

"Ngoja kesho," nilimwambia.